Kizibo namba 349

Juzi rafiki yangu kapeleka kizibo cha soda dukani, kimeandikwa kashinda simu. Akatumwa depo. Depo wakamwambia namba haisomeki. Jamani, namba inasomeka, hata mimi nimeisoma! Karudi kanuna, ndipo nikamsimulia ya Manila. Yake ni cha mtoto.

Mwaka 1992 Pepsi iliendesha shindano nchini Ufilipino. Ndani ya kizibo kulikuwa na namba kati ya 001 na 999, kiasi cha zawadi na alama ya siri ya kuthibitisha. Zawadi kubwa ilikuwa peso milioni 1, kama dola 40,000 wakati ule. Namba ya ushindi ilitangazwa kwenye televisheni usiku, na watu walikunywa soda hata wasiokuwa na kiu.

Tarehe 25 Mei ikatajwa 349. Kumbe namba hiyo ilikuwa imeshachapwa kwenye vizibo takriban laki 8! Fikiria mtaa mzima unaruka kwa furaha usiku mmoja, kila mtu milionea. Asubuhi wako kwenye geti la kiwanda.

Kampuni ikasema vizibo hivyo havina alama sahihi ya siri, kwa hiyo si vya ushindi, ila kwa nia njema itampa kila mwenye kizibo peso 500. Watu 486,170 walizichukua. Siwalaumu, njaa haina ushabiki. Waliobaki wakasema tangazo lilisoma 349 na kizibo kinasoma 349, hayo ya siri mnayajua wenyewe. Malori ya Pepsi yakachomwa moto. Februari 1993 bomu lililorushiwa lori moja jijini Manila likaua mwalimu na mtoto wa miaka 5, watu waliokuwa wakijipitia tu. Hapo ndipo mimi huacha kucheka.

Kesi zilifunguliwa kwa maelfu. Mwaka 2006, miaka 14 baadaye, Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile ikaamua kuwa kampuni haidaiwi kiasi kilichoandikwa kwenye vizibo. Kisheria sawa, labda. Lakini aliyekosea kuchagua namba si mnywaji.

Waliosoma sheria pale Mlimani wataniambia, mbona Bi Carlill alilipwa? Kweli. London, mwaka 1891, kampuni ilitangaza kwamba atakayetumia mpira wake wa dawa ya kuvuta puani mara 3 kwa siku kwa wiki 2, kisha akapata mafua makali, atapewa pauni 100. Ikaongeza kuwa imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha haina utani. Mama akatumia karibu miezi miwili, akaugua, mumewe akaandika barua ya kudai. Kimya. Alipokazana, akajibiwa kuwa ili kuzuia udanganyifu mkewe aje ofisini kila siku, avute dawa mbele ya katibu! (Mnaona, mambo ya depo hayakuanza leo.)

Tarehe 7 Desemba 1892 majaji watatu wa rufaa wakasema ahadi ni ahadi, lipeni. Zile pauni 1,000 za benki, walizoziweka kujisifia, ndizo zilizowafunga. Louisa Carlill aliishi hadi 1942, akafa na miaka 96. Daktari alitaja uzee, na mafua.