Beringi Haipigi Kelele

Nimeletewa rasimu ya mwongozo wa ufundi wa magari, na humo nimekuta sura yenye kichwa "Kelele na Mtikisiko wa Mfumo wa Uendeshaji". Sura inahusu jambo zito: namna ya kulisikiliza gari lililotumika, hasa haya ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, Forester, X-Trail na RAV4, yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani, na kutambua ni kiungo gani kati ya giaboksi na tairi kimechoka. Kichwa hicho kimekosea mara tatu. "Mfumo wa uendeshaji" dereva yeyote atauelewa kuwa ni usukani na pedeli, na mhariri makini atalisahihisha hilo bila kuombwa. "Mtikisiko" na "kelele", hata hivyo, zina watetezi, tena wenye vyeo, na hao ndio ninaowajibu.

Kutikisa ni kazi ya nguvu itokayo nje. Mwembe hutikiswa ili embe ziporomoke. Kinachotikiswa huyumba kwa upana, kisha hutulia. Tangu 2008 wachumi wamelitumia sana neno mtikisiko, na kwao linafaa, maana uchumi wetu ulipigwa na dhoruba iliyozuka kwingine. Propela shafti iliyopinda haitikiswi na yeyote. Inatetema, kama mwili wenye homa: mwendo mfupi, wa haraka, unaojirudia kwa kipimo kilekile maadamu gari linakwenda kasi ileile. Walimu wa fizikia wamelizoea neno mtetemo, na wanafunzi wao ndio mafundi wa kesho. Kulifundisha darasani na kulifukuza gereji ni kuwavuruga vijana bila sababu.

Kelele inaniudhi zaidi. Kelele hupigwa, na mpigaji wake wa asili ana kinywa: watoto, wachuuzi, mashabiki wa mpira. Ndani yake tayari mna lawama. Mwenye gari akisema gari lina kelele, amelalamika tu. Fundi bado hajaambiwa kitu. Istilahi haipaswi kumwacha fundi hapo alipokuwa kabla ya kuisikia.

Tunalo neno vuma. Upepo huvuma, nyuki huvuma, bahari huvuma. Humo ndimo ulimotoka uvumi, habari iliyoenea bila mwanzo kujulikana. Humo ndimo lilimotoka vumi, sauti nzito ya mfululizo, ambalo pia ni jina la ngoma kubwa ya pwani inayopigwa pamoja na chapuo ndogo. Katika maana hizi zote tabia ni moja: sauti ya chini, isiyokatika, iliyotanda kiasi kwamba msikilizaji haoneshi kwa kidole inakotoka. Ndivyo ilivyo beringi ya gurudumu la nyuma ikianza kuliwa: sauti imejaa gari zima, na abiria wawili watabishana kama ni kushoto au kulia. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka, na beringi iliyopuuzwa hufika hukohuko. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, hawakungoja ruhusa ya mtu. Wao husema beringi inavuma, na wanaelewana.

Nilipopendekeza mvumo, nilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba mvumo ni mti. Ni kweli, ni mti wa jamii ya mnazi, na wengine huuita mtapa. Lakini mto wa maji na mto wa kulalia vimeishi pamoja katika lugha hii bila kugombana, na pendekezo la mtu lilistahili hoja iliyofikiriwa zaidi ya hiyo. Wengine wanataka mngurumo. Ngurumo hupanda na kushuka, ni ya radi, ya simba, na ya injini, ibaki huko.

Hoja yangu kubwa imo katika hesabu. Chukua tairi yenye mzingo wa mita 2.1 na difu yenye uwiano wa 4.111, yaani pinioni ya meno 9 ikizungusha krauni ya meno 37, uwiano uliomo katika Subaru nyingi. Kwa kilomita 100 kwa saa gurudumu huzunguka karibu mara 13 kwa sekunde, propela karibu mara 54, na meno ya pinioni hukutana na ya krauni karibu mara 490. Sikio la binadamu huanza kusikia karibu na mara 20. Basi gurudumu lisilo sawa hutetema, na mwili ndio unaolijua; propela hutetema sakafuni na kuvuma sikioni; difu iliyolika meno hulia, kwa sauti nyembamba. Ni ngazi moja, na Kiswahili kimeipa kila daraja kitenzi chake: tetema, vuma, lia. "Kelele" huifunika ngazi yote kwa turubai moja.

Kwa matumizi: mvumo ukizidi gari linapokata kushoto, shuku beringi ya kulia, maana uzito umehamia huko; mlio ukibadilika unapokanyaga na kuachia mafuta, kagua difu; mvumo ukibadilika na aina ya barabara, anza na tairi, na kwa Subaru mizingo ya tairi zote nne isipishane zaidi ya milimita 6.

Rasimu haijachapwa, kwa hiyo muda upo. Nawaomba walimu wa ufundi wa magari wasiingoje kamati. Muhula ujao waandike ubaoni mtetemo, mvumo na mlio, na mwanafunzi atakayeandika kelele aulizwe: ipi?