Neno Kisima katika Mji wa Vilima: Historia Fupi ya Maji ya Ardhini Kigali

Hoja ya makala haya ni kwamba historia ya maji ya ardhini mjini Kigali haieleweki vyema ikisomwa kwa msamiati wa pwani pekee, na kwamba kasoro hiyo ya msamiati ina gharama kwa watunga sera wa leo.

Neno kisima lilikomaa katika mazingira ya matumbawe. Mwamba wa pwani una vitundu vingi. Mvua huupenya upesi, na maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi. Mchimbaji wa Unguja au Malindi aliyajua hayo bila kusoma jiolojia: akichimba kidogo huyapata maji, akizidisha huyaharibu. Katika magofu ya Gedi visima vya mawe vingalipo, na kushuka kwa maji ya visima hivyo ni mojawapo ya sababu ambazo wanaakiolojia wamezitaja wakieleza kuhamwa kwa mji ule. Kwa Mswahili wa zamani, basi, swali lilikuwa kina: maji yako umbali gani chini ya miguu yetu?

Neno hilo lilipopanda bara pamoja na wafanyabiashara, askari na makarani wa utawala wa Wajerumani, lilikuta ardhi ya namna nyingine. Mwaka 1907 Richard Kandt alianzisha makao ya utawala juu ya kilima cha Nyarugenge. Ni kinaya kidogo kwamba mtu huyu, aliyekuwa ametembea miaka mingi akitafuta chanzo cha Nile na kukiona katika mto Rukarara, alichagua kilele ambapo maji hayakuwapo. Kilele kilifaa kwa ulinzi na upepo. Maji yalikuwa mteremkoni na bondeni, na walioyapandisha walikuwa wanawake, watoto na vibarua.

Wenyeji walikuwa na msamiati wao kwa mteremko huo. Kinyarwanda huita chemchemi isoko, neno linaloandikwa sawa na lile la mahali pa biashara ingawa matamshi yake si yale yale. Iriba ni mahali pa maji palipochimbwa au kutunzwa, aghalabu kwa ajili ya ng'ombe. Ivomo ni mahali popote pa kuteka, hata kama ni bomba la mtaa. Baadaye pampu ya mkono ilipata jina lake, nayikondo, linalojulikana na kila mtu katika maeneo makavu ya mashariki. Msamiati huu hautaji kina hata kidogo. Unataja namna maji yanavyotokea na namna yanavyotekwa. Katika mitaa ya Biryogo na Nyamirambo, ambako Kiswahili kiliota mizizi, maneno ya lugha zote mbili yalitumika bega kwa bega.

Jiolojia inaunga mkono busara ya Kinyarwanda. Miamba ya Kigali ilianza kama mchanga na tope zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, kisha ikabanwa, ikakunjwa na kupikwa na joto la ardhi. Mchanga uligeuka kwatsaiti, mwamba mgumu unaoshikilia matuta kama Mlima Kigali, wenye kimo cha takriban mita 1,850. Tope liligeuka shisti, ambayo ikioza huwa udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji kwa urahisi. Kwatsaiti nzima haina maji. Iliyopasuka huyahifadhi katika nyufa zake. Pale nyufa zinapokutana na shisti maji hukosa njia ya kushuka, yakatoka ubavuni mwa kilima: hiyo ndiyo isoko. Bondeni, mto Nyabarongo umelaza mchanga na changarawe zinazobeba maji mengi. Ndiyo maana majirani wawili wanaweza kuchimba kina kimoja, mmoja akapata maji na mwingine vumbi. Kabla ya kuleta mtambo, mpimaji makini hupitisha umeme ardhini na kusoma ukinzani wake, akitafuta ufa badala ya kina.

Kwa muda mrefu mji ulikwepa suala hili. Mwaka 1962, Kigali ilipofanywa mji mkuu, wakazi walikuwa elfu chache tu, na maji ya mto Yanze yaliyosafishwa Kimisagara, kisha ya Nyabarongo huko Nzove, yalifuata ukuaji wake kwa kuhema. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.7. Mwaka 2021 ulizinduliwa mtambo wa Kanzenze, wenye uwezo wa meta za ujazo 40,000 kwa siku, unaovuta maji kutoka visima vilivyochimbwa katika mchanga wa Nyabarongo. Maji ya Rukarara aliyoyafuata Kandt huishia katika mto huohuo.

Kwa mwenye nyumba, mambo ni magumu zaidi. Mji ulikua bila mfumo mkuu wa majitaka; vyoo vya shimo viko mteremkoni, juu ya chemchemi na visima vifupi. Maji ya bondeni nayo mara nyingi hubeba chuma na manganizi. Sheria Na. 49/2018 inadhibiti matumizi ya maji, na Bodi ya Rasilimali za Maji ya Rwanda, iliyoanzishwa 2020, inasimamia rasilimali hiyo.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda. Niliwahi kupewa jedwali la istilahi nilihariri: chemchemi iliyojengewa, shimo lililochimbwa kwa jembe na kisima cha mtambo, vyote vitatu vilikuwa vimeandikwa "kisima". Chanzo cha kwanza hulindwa kwa kuzuia ujenzi juu yake, cha pili kwa kukiweka mbali na choo, cha tatu kwa bomba la kinga na saruji. Neno moja haliwezi kubeba masharti matatu. Matumizi ya Tanzania ya "kisima kirefu" na "kisima kifupi" yanasaidia, lakini bado ni kipimo cha pwani: yanauliza kina. Napendekeza istilahi zitakazotaja chanzo, yaani kisima cha ufa, kisima cha mchanga wa mto na kisima cha udongo wa mwamba uliooza, na neno chemchemi libaki peke yake, lisiitwe kisima hata likijengewa ukuta.