Neno Moja katika Mchezo wa Tablut

Mwaka 1732 Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 25, alisafiri katika nchi ya Lapland, kaskazini ya Ulaya, makao ya Wasami. Huko aliona watu wakicheza mchezo uitwao tablut, akauchora ubao wake na kuziandika sheria zake kwa Kilatini katika daftari yake ya safari.

Kuutengeneza si kazi ngumu. Sisi tulitwaa kipande cha ubao, sentimita 40 kila upande, tukakipiga randa, tukachora mistari kwa chuma cha moto hata tukapata nyumba 81, yaani 9 kwa 9, kila moja sentimita 4. Nyumba ya katikati, ambayo ni kiti cha mfalme, tuliipaka mkaa. Kete za Warusi zilikuwa komwe 16, zile zile za bao. Kete za Waswidi, maharage meupe 8. Na mfalme wao tulimchonga kwa kijiti, mrefu kuliko wote. Waswidi humzunguka mfalme wawili wawili kwa mfano wa msalaba, na Warusi hukaa wanne wanne kwenye kila ukingo, watatu nyuma na mmoja mbele. Kete zote huenda moja kwa moja, si kwa mshazari, wala haziruki nyingine. Mfalme akifika ukingoni ameshinda; akikamatwa, Warusi wameshinda.

Basi tulifuata sheria kama zilivyofasiriwa katika kitabu cha Kiingereza kilichopigwa chapa London mwaka 1811. Humo tulisoma kwamba kete ikibanwa na adui wawili hutolewa, ila mfalme. Kwa hiyo hatukumtoa mfalme mpaka azungukwe pande zote 4, naye akawa akishinda karibu kila mara. Baada ya jioni chache hapakuwa na mwanafunzi aliyekubali kushika komwe. Nasi tukadhani kwamba watu wa Lapland hawakujua kutunga mchezo.

Kumbe kosa si lao. Linnaeus aliandika kwamba hata mfalme hukamatwa kama wengine. Akiwa kitini ndipo huhitajiwa adui wanne, na akiwa kando ya kiti, watatu. Penginepo wawili hutosha. Mfasiri aliweka "ila" mahali pa "hata". Tulipolirudisha neno hilo, ubao haukubadilika wala kete hazikuongezwa, walakini wanafunzi wakaanza kuzigombea komwe.

Sisi waalimu twaandika desturi za wazee wetu na kuzifasiri kwa lugha nyingine. Tukiona desturi ya watu haina maana, tusiwahesabu upesi kuwa wajinga. Yafaa kwanza turudi kwa msemaji, tukamwulize kama alisema "ila" au "hata".