Hataza si hakimiliki

Seremala wa Ng'ambo, Tabora, akipigilia mzinga wa fremu, hakosi wa kumwonya: "Angalia, huo una hakimiliki ya watu." Kosa. Hakimiliki ni ya kitabu, wimbo, picha. Uvumbuzi wa kiufundi hupewa hataza, na Tanzania Bara husajiliwa na wakala wa usajili, BRELA.

Mzinga huo uliwahi kuwa na hataza kweli. Mchungaji Lorenzo Langstroth aliipata Marekani mwaka 1852, akiacha kati ya fremu na kuta nafasi ya takriban milimita 9, ambayo nyuki hawaizibi kwa gundi wala masega. Watu walimwiga mchana kweupe; hakutajirika. Hataza yenyewe ilikwisha karne ileile, basi seremala wetu agonge misumari yake.

Utata unaanza akiongeza chake, tuseme kifuniko chenye komeo la kumshinda nyegere. Je, komeo ni jipya, si jambo ambalo fundi yeyote angelifikiria, na linafaa kutengenezwa viwandani? Likifaulu, linastahili hataza. Lakini ukilifunga kwenye mzinga ambao mwingine ana hataza hai hapa nchini, bado umeingilia haki yake. Hataza hukupa uwezo wa kuwazuia wengine; haikupi ruhusa ya kutumia cha mwenzio. Tena mahakama haiamui kwa kutazama mizinga miwili kama pacha. Husoma madai yaliyoandikwa katika hataza, kipengele kwa kipengele, na mafundi wengi (nasema kwa masikitiko) hawajawahi kuyaona.