Deni la Nyegina

Kisa chenyewe kila mtu mkoani Mara anakijua. Mtoto wa chifu anatoka Butiama kwenda kusoma Musoma. Wamisionari wanampa imani, imani inamzalia Ujamaa. Kimenyooka mno kisa hiki, nami habari zilizonyooka hivi huzitilia shaka. Nani hasa alimwasha Julius Nyerere, na shukrani yake aliilipaje?

Basi la Mwanza lilinishusha Bunda, na Bunda haikuwa na jibu. Jimbo Katoliki la Bunda limezaliwa juzi tu, 2010. Habari za miaka ya 1930 na 1940 ni za Musoma, mbele kidogo, ufukweni mwa ziwa. Nianze alikobatizwa, au alikozaliwa?

Nikachagua Butiama. Hapa Mwitongo, penye majabali, alizaliwa Aprili 13, 1922, na hapa alizikwa Oktoba 1999. Baba yake, Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya, mmoja wa wake wengi. Nyerere alipoandika juu ya Ujamaa mwaka 1962, msingi alioutaja ni familia ya Kiafrika: kufanya kazi pamoja, kugawana kilichopo. Wamisionari hawamo katika hoja hiyo. Ukiwa Mwitongo ni rahisi kuikubali. Lakini boma la chifu lilikuwa pia na wakubwa na wadogo, waamuru na waamriwa. Usawa aliuona kwa nani?

Shule ya Mwisenge, Musoma, ndipo kisa kinapoanza kupinda. Aliingia shule hiyo mwaka 1934, ana miaka 12. Ilikuwa shule ya serikali, si ya misheni. Tabora alikokwenda baadaye, hivyo hivyo. Kwa masimulizi yanayoaminika zaidi, aliyemvuta kwenye mafundisho ya dini alikuwa rafiki yake wa shule, Mzanaki mwenzake. Kwa hiyo cheche ilitoka kwa mtoto kwenda kwa mtoto. Mbona basi ubatizo ulichelewa miaka mingi?

Alibatizwa katika misheni ya Nyegina, nje kidogo ya Musoma, Desemba 23, 1943. Alikuwa na miaka 21, mwanafunzi wa chuo cha Makerere. Wengi watakwambia alimsubiri baba yake, asimvunjie heshima. Burito alifariki mwaka 1942. Tarehe zinaafikiana. Ila kuafikiana si ushahidi: huenda alitaka tu kusoma na kupima kwanza. Jambo moja halina ubishi. Aliyebatizwa Nyegina alikuwa mtu mzima aliyejiamulia. Je, misheni ndiyo iliyompa, au na yeye aliipa kitu?

Mwaka 1955 unajibu nusu. Aliacha kufundisha shule ya Pugu kwa sababu ya siasa za chama cha TANU, akarudi nyumbani bila mshahara. Mapadri wa Maryknoll, Wamarekani waliofika Musoma mwaka 1946, wakampa kazi: kumfundisha mmoja wao Kizanaki na kutafsiri maandiko ya dini. Sehemu hii kisa maarufu huipita mbio, nami naiona ndiyo kiini chake. Mbatizwa kawa mwalimu wa padri. Sasa nani anamdai nani?

Oktoba 16, 1970, alisimama New York mbele ya masista wa Maryknoll. Mwenye deni angesifu zahanati na shule, akaketi. Yeye aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, litahesabiwa upande wa wakandamizaji. Aliyasema hayo nyumbani kwao, akiwa mgeni wao! Kwangu hiyo ndiyo shukrani nzito kuliko zote nilizokutana nazo katika njia hii. Hata hivyo, miaka michache baadaye vijiji vya Ujamaa vya serikali yake vilijazwa watu ambao wengine hawakuhama kwa hiari. Kipimo kile alichowapa masista, nani angempima nacho yeye?

Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianza mchakato wa kuchunguza utakatifu wake, naye akaitwa Mtumishi wa Mungu. Mchakato huo hukusanya ushahidi na kuuhoji. Lakini ushahidi wa matunda tutautafuta kwenye faili tu?

Nilienda Kiabakari, wilaya ileile ya Butiama. Huko kuna nyumba salama ya wasichana wanaokimbia ukeketaji, kama ilivyo Mugumu, Serengeti, ambako Kanisa Anglikana lilifungua ya kwake mwaka 2014. Sheria imekataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18 tangu 1998, na bado Desemba ikifika vitanda hujaa. Wapo watakaofunga uzi kutoka Nyegina hadi hapa. Mimi siufungi, sina ushahidi, na kanisa la Mugumu si lile la Nyegina. Nabaki tu na swali linalotokana na hotuba ile ya New York. Msichana anayepewa hifadhi leo akisha kusoma na kukomaa, atarudi kutudai nini?