Goran Hyden na mkulima aliyeipa serikali kisogo

Goran Hyden, msomi wa Uswidi, amefanya sehemu kubwa ya kazi yake kuhusu siasa na utawala wa umma katika Afrika Mashariki. Utafiti wake wa awali ulihusu Bukoba, penye kahawa na migomba, na kitabu kilichotokana nao kilibeba maneno ya Kiswahili: TANU Yajenga Nchi. Alifundisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, kisha Chuo Kikuu cha Florida, Marekani.

Hoja iliyompa umaarufu imo katika Beyond Ujamaa in Tanzania, kitabu cha mwaka 1980. Mkulima mwenye shamba lake, anayekula anacholima, aweza kuikwepa serikali; amri na mipango ya maafisa humpita kando, kwani tegemeo lake ni ndugu na majirani. Wapinzani, nao hawakuwa wachache, walijibu kuwa kodi na mazao ya biashara vilikwisha kumfunga mkulima huyo tangu enzi za ukoloni.

Ubishi huo unawagusa pia wafadhili wa maendeleo: fedha zao hupitia serikali ambayo, kwa mtazamo wa Hyden, haikuwa na mshiko vijijini.