Kompyuta mpakato za Windows na za Mac

Kompyuta mpakato za Windows na za Mac ni makundi mawili yanayoshindana katika soko la kompyuta za kubebeka. Kundi la kwanza hutumia mfumo wa uendeshaji wa Windows, unaotolewa na Microsoft, na mashine zake hutengenezwa na kampuni nyingi kama vile HP, Dell, Lenovo, Acer na Asus. Kundi la pili hutumia mfumo wa macOS, na mashine zake hutengenezwa na kampuni moja tu, Apple.

Tofauti hiyo ya msingi ndiyo chanzo cha tofauti nyingi za bei, matengenezo na programu.

Historia

Apple ilitoa Macintosh ya kwanza mnamo Januari 1984. Microsoft ilitoa Windows 1.0 mnamo Novemba 1985. Kwa upande wa kompyuta mpakato, Apple ilileta PowerBook mwaka 1991, na IBM ikaleta ThinkPad mwaka 1992. Tangu mwaka 2005 ThinkPad ni mali ya Lenovo.

Jina la MacBook lilianza kutumika mwaka 2006, Apple ilipohamia kwenye vichakato vya Intel. Novemba 2020 ilianza kuachana navyo na kutumia kichakato chake yenyewe, M1.

Bei na matengenezo

Mashine za Windows zina ngazi nyingi za bei. Mac mpya kwa kawaida ni ghali zaidi, na Apple haina maduka yake yenyewe Afrika Mashariki. Bidhaa zake hupitia kwa wauzaji wengine. Watu wengi hununua kompyuta zilizokwisha kutumika maofisini Ulaya na Marekani, kama EliteBook za HP, Latitude za Dell na ThinkPad, zinazopatikana Kariakoo jijini Dar es Salaam na katika maduka ya Nairobi.

Katika nyingi za mashine hizo, fundi anaweza kubadilisha diski au kuongeza kumbukumbu. Katika MacBook zenye vichakato vya Apple, kumbukumbu haiongezeki baada ya kununua, hivyo mnunuzi hana budi kuchagua kiasi cha kumtosha tangu mwanzo. Baadhi ya mashine nyembamba za Windows nazo ziko hivyo.

Kwa mtumiaji aliye mbali na miji mikubwa, kwa mfano katika kata ya Gorong'a mkoani Mara, urahisi wa matengenezo unaweza kuwa na uzito kuliko kasi ya kichakato. Mashine ya Windows iliyozoeleka hutengenezeka hata kwa vipuri vya mashine nyingine kuukuu, ilhali kipuri cha Mac huenda kikahitaji kuagizwa kutoka mbali. Kwa upande mwingine, umeme unapokatika mara kwa mara, MacBook zenye vichakato vya Apple zina faida kubwa: Apple ilitaja MacBook Air ya M1 kuwa inaweza kuonyesha video kwa saa 18 bila kuchajiwa.

Programu na lugha

Programu za kuandika, za mahesabu na za intaneti hupatikana pande zote mbili. Tofauti huonekana katika kazi maalumu. Tally, inayotumiwa na wahasibu, na ArcGIS Pro, ya wachora ramani, hutengenezwa kwa ajili ya Windows. Logic Pro ya muziki na Final Cut Pro ya filamu hupatikana kwa vifaa vya Apple tu. FL Studio ya watayarishaji wa muziki ilikuwa ya Windows pekee hadi mwaka 2018, ilipotolewa rasmi kwa Mac pia.

Windows ilipata kiolesura cha Kiswahili katika toleo la XP. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu huru ya ofisi kwa Kiswahili.

Flashi iliyopangwa kwa mtindo wa NTFS husomeka kwenye Mac, lakini kwa kawaida haiandikiki. Mtindo wa exFAT hufanya kazi pande zote.

Mambo ya kukagua katika mashine iliyotumika

Hasara kubwa zaidi humpata mnunuzi anayelipa kabla ya kukagua.

- Mac iliyofungwa: Mac nyingi za kuanzia mwaka 2018 zinaweza kubaki zimefungwa kwa akaunti ya mwenye mali wa awali. Bila yeye kuiondoa akaunti hiyo, mashine haitumiki ikishafutwa. Muuzaji aifungue mbele ya mnunuzi.
- Umri wa mfumo: Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa kawaida huhitaji kichakato cha Intel cha kizazi cha 8 au zaidi. Kwa upande wa Mac, Apple ilitangaza kuwa macOS Tahoe ya mwaka 2025 ni toleo la mwisho kwa mashine zenye vichakato vya Intel.
- Betri na chaja: Mashine iwashwe bila chaja kwa muda, na chaja ihakikishwe kuwa inakubali volti 230 zinazotumika Tanzania.
- Risiti: Nchini Tanzania muuzaji mwenye mashine ya EFD anatakiwa kutoa risiti, nayo husaidia kuthibitisha kuwa mali si ya wizi.

Kuchagua

Mpangilio unaofaa ni kuanza na kazi, kisha programu, kisha fundi na umeme wa mahali husika, na mwisho jina la mashine. Mwalimu anayeandaa mitihani na kuichapa anatoshelezwa na mashine ya Windows ya bei ya kati. Mhariri wa filamu anayesafiri anaweza kurudisha gharama ya Mac kupitia kazi yake. Asiyejua bado atafanyia nini kompyuta yake ana sababu ya kuanza na ile ambayo jirani yake anaifahamu.